Profesa Asiyejua Jina la Shangazi Yake

Mtu huwa profesa siku gani? Swali hilo liliniweka macho wiki tatu nzima katika chumba cha nyuma cha duka moja pale Garsen, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na kila nilipodhani nimelijibu lilinirudia kwa upande mwingine. Ni siku anayopewa cheti? Cheti nilikuwa nacho, nimekifungia kwenye sanduku la bati pamoja na kanga ya marehemu mama. Ni siku watu wanapoanza kumwita hivyo? Basi mimi nilikuwa profesa tangu mchana ule niliposhuka kwenye lori la Malindi, maana wavuta kamba wa pantoni, waliokuwa wamekaa kivulini wakingoja kulivusha lori hilo kuelekea Lamu, walinipokea kwa jina hilo kabla sijakung'uta vumbi.

"Huyo profesa. Mshikieni sanduku."

"Mimi si profesa, ndugu zangu," nikasema. "Nimemaliza digrii ya kwanza tu."

"Ya kwanza? Kwani unataka ngapi?"

Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilikuwa tayari nimeanza kufikiri. Hivyo ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimia kwa sauti ya chini, siku nzima nitajiuliza nimemkosea nini.

Katika vijiji vyetu vya mtoni hakuna aliyekuwa amefika chuo kikuu kabla yangu. Chuo kilikuwa nchi ya jirani, mwendo wa lori, treni, halafu lori tena, na kwa miaka minne sikukutana kule na mtu hata mmoja ambaye ningeweza kumsalimia kwa Kipokomo. Nilizoea. Nilijiambia kwamba upweke ule ulikuwa wa ugenini na utaisha siku nitakaporudi nyumbani. Niliporudi nikafanya kosa la kwanza: shangazi yangu, aliyenilea baada ya wazazi kufariki, alinitandikia kitanda kijijini ng'ambo ya mto, nami nikachagua chumba cha dukani Garsen kwa sababu kilikuwa na meza. Wenzangu niliocheza nao utotoni walikuwa na wake na mashamba. Nikiwafikia walipokaa, walinisogezea kigoda kizuri zaidi, kisha mazungumzo yakakatika. Mmoja angeuliza, "Habari za masomo?" nami ningejibu nzuri, na baada ya hapo tungetazama mto.

Kwenye meza ile palikuwa na fomu. Profesa wangu, Mzungu mrefu aliyetufundisha mambo ya ardhi na kilimo, alikuwa amenipendekeza kwenda Uingereza kusoma zaidi. Alinipendekeza kwa sababu ya insha yangu ya mwaka wa mwisho, niliyoiandika juu ya mpunga wa watu wa Tana. Nilitakiwa kujaza fomu, kuisaini, na kuirudisha pamoja na nakala safi ya insha, ili ichapishwe katika jarida la chuo. Muda ulikuwa mfupi. Mvua zikianza, barabara ya Malindi hufungwa, na barua hukaa Garsen mpaka tope likauke.

Nilikuwa nimewahi kumwuliza profesa huyo, nikiwa nimesimama mlangoni pake na kofia mkononi, mtu anafikaje pale alipokuwa yeye. Alinijibu kwa subira. Digrii ya kwanza, alisema, inaonyesha kwamba unafundishika. Ya pili inaonyesha kwamba unaweza kutafuta jambo mwenyewe. Ya udaktari ni lazima uwe umepata jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika kabla yako. Baada ya hapo ni miaka ya kufundisha na kuandika, na maandishi yako yasomwe na watu wasio na sababu yoyote ya kukupenda. Hata hivyo huwi profesa mpaka kiti kiwe wazi, na waliokalia viti kama hicho mahali pengine wakubali kwamba wewe unakifaa. "Wengi wana yote hayo na hawapati kiti," alisema. Nilitoka pale nikihesabu umri nitakaokuwa nao.

Mwenye duka alikuwa Msomali wa makamo, mwuza sukari, majani ya chai na nguo, aliyekuja Tana kijana akifuata biashara ya ng'ombe. Mfuko wa barua ulikaa kwake, kwa hiyo alijua kwamba nilikuwa nimeandikiwa na chuo na kwamba sikuwa nimejibu. Asubuhi moja, dukani hakuna mtu, aliniita nikae juu ya gunia.

"Profesa, nataka kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza, mzee."

"Wewe umesoma kitabu gani?"

"Vingi."

"Vingi najua. Nauliza kile umemaliza mbele ya mwalimu. Kutoka bismillahi mpaka mwisho, yeye anasikiliza, anakukata, unarudi nyuma, unaanza tena."

Nilitafuta kichwani. Nilikuwa nimesoma sura tatu za hiki na mbili za kile, zile ambazo watu walisema hutoka kwenye mtihani. "Sisi hatusomi hivyo," nikamwambia. "Tunafanya mtihani. Karatasi zinapelekwa Ulaya, zinasahihishwa huko."

"Na yule anayesahihisha anakujua?"

"Hanijui. Juu ya karatasi naandika namba. Jina haliandikwi."

Aliweka chini upawa wa sukari. "Na wewe humjui."

"Simjui."

"Basi nani anasema, huyu kijana ni wangu, mimi nimemsikia?"

Akaniambia, bila kujisifu na bila kulalamika, kwamba ujanani alikaa kwa maalimu mmoja miaka sita, akisoma kitabu kimoja cha sheria. Kwao mtu hajiiti maalimu. Mwalimu wake humsikiliza kitabu kizima, na akiridhika humwambia nenda ufundishe, na humtajia waliomfundisha yeye, na waliowafundisha hao, ili mwanafunzi akiulizwa elimu yako umeitoa wapi awe na jibu. Yeye alifika karibu na mwisho, akakosea, akarudishwa mwanzo. Mwaka ule baba yake akafa na mifugo ikabaki bila mtu.

"Ndiyo unaniona na sukari," alisema. "Watu hapa wakiwa na maiti wananiita sheikh. Nakataa. Wanafikiri ni unyenyekevu. Si unyenyekevu. Nikikubali leo, kesho ataletwa mtu aniulize mirathi. Nitajibu, maana mtu akiitwa sheikh anaona haya kusema sijui. Na kosa langu litagawa ng'ombe wa yatima."

Akaingia mfugaji mmoja wa Kiorma kununua tumbaku, mazungumzo yakaishia hapo. Nilirudi chumbani, nikaitazama insha yangu. Nilijiambia kwamba mimi si kama yeye, mimi nilikuwa nimekwenda mashambani mwenyewe, na daftari.

Ni kweli nilikwenda. Likizo moja nilipita vijiji kadhaa kwa mtumbwi, siku moja kila kijiji, nikiuliza kila nyumba, "Mpunga huu unaitwaje?" Nilipata majina kumi na moja, na karibu yote yalikuwa majina ya wanawake. Kwa hiyo niliandika kwamba watu wa Tana wana aina kumi na moja za mpunga, na kwamba kila aina hukumbuka jina la mwanamke wa kale aliyeigundua katika nyakati ambazo wazee wa leo hawazifikii. Ilikuwa aya nzuri. Profesa alichora mstari pembeni yake kwa wino mwekundu na kuandika neno moja la sifa, na nadhani neno hilo ndilo lililonipatia fomu.

Siku mbili baadaye nilivuka kwenda kwa shangazi. Nilimkuta uani akipepeta, ungo magotini, na pembeni yake mgeni, mwanamke wa umri wake aliyekuwa ametoka Golbanti kwa mtumbwi kuja kumjulia hali. Walikuwa wamechezwa unyago pamoja, wakaolewa vijiji mbalimbali. Nilisalimia, nikakaa, nikapewa ndizi. Wao wakaendelea na maneno yao. Kisha yule mgeni, katikati ya kicheko, akamwita shangazi yangu kwa jina.

Sikuwa nimelisikia kamwe jina hilo kwa binadamu. Kwangu yeye alikuwa shangazi, na kwa watu wote kijijini alikuwa mama wa mwanawe wa kwanza. Lakini jina nililijua. Lilikuwa la nne katika orodha yangu. Nilikuwa nimelikuta kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka pale, mbele ya kinu, nikalipigia mstari kwenye daftari.

"Shangazi," nikasema, "hilo ndilo jina lako?"

"La usichana. Kwani ulidhani nilizaliwa nikiitwa mama wa mtu?"

"Na mpunga wa jirani?"

"Una nini mpunga wa jirani?"

"Unaitwa hivyo hivyo."

"Utaitwaje tena? Si ni mimi niliyempa?" Aliendelea kupepeta. Ndipo akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kushika kijiko. Upande wetu wa mto, mafuriko yakichukua mbegu zote za nyumba, mke wa nyumba hiyo huenda kuomba kwa mwenziwe. Hupewa bure. Lakini tangu siku hiyo mpunga huo nyumbani kwake huitwa kwa jina la aliyempa, lile la usichana, ili watoto wakila wajue. Siku aliyetoa akipoteza mbegu zake, huenda kwa yule aliyepokea na kusema, nimekuja kujitafuta, naye hurudishiwa.

"Na wako wewe unauita nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nao pia kwenye orodha, wa saba.

Akamwonyesha mgeni kwa kidevu. "Huyu hapa. Mwaka ule wa maji makubwa, wewe hujaota meno."

"Kwa hiyo ni mpunga mmoja? Wa jirani, wako, na wa huyu?"

"Mmoja."

"Lakini wa jirani unaiva mapema. Niliuona."

"Shamba lake liko juu ukingoni, maji yanaondoka kwanza. Langu liko bondeni. Ukinipandisha mimi juu nitaiva mapema pia." Yule mgeni akacheka mpaka akafuta macho. Shangazi akanitazama vizuri. "Kwani umeandika nini kwa Wazungu wako?"

Nikawaambia. Niliwatafsiria ile aya nzima, pamoja na wanawake wa kale na nyakati zisizofikiwa na wazee.

"Haya," alisema mgeni, "na mimi nimo?"

"Umo, mama. Wewe ni wa saba."

"Nimekufa zamani?"

"Zamani sana."

"Pole, dada," shangazi alimwambia, naye mgeni akajibu, "Na wewe pole. Kijana wako ametuzika na hakualika mtu."

Nilicheka nao kadiri nilivyoweza. Nilipokuwa narudi kwenye mtumbwi shangazi alinisindikiza mpaka kwenye matope. "Ni jambo baya?" aliuliza, safari hii bila mzaha. Nikamwambia huenda ni baya, kwamba nafasi ya kwenda ng'ambo imetokana na maneno yale.

"Basi nyamaza. Nani atakuja hapa kuhesabu? Mpunga hausomi."

Alisema hivyo kwa kunipenda, na hiyo ndiyo sababu maneno yake yalinielemea. Siku zilizofuata sikuwa na mtu wa kumwambia. Wenye kuelewa insha walikuwa mbali, upande wa pili wa barabara, lori na treni; wenye kuelewa mpunga hawakuona tatizo liko wapi. Nilikaa kwenye ile meza niliyoichagua na kujitetea mbele ya baraza ambalo halikuwepo. Nilijiambia kwamba insha ilikuwa ya mwanafunzi tu. Halafu nikajiambia kwamba nitarekebisha huko Uingereza, nikiwa na vitabu. Nilifikiri pia kwamba pengine shangazi hajui, pengine ziko aina kumi na moja kweli na yeye ana tatu zilizofanana. Wazo hilo la mwisho lilinifurahisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha nikaona nilichokuwa nikifanya: nilikuwa nikimkataa mtu aliyelima mpunga huo tangu kabla sijazaliwa ili niibakize aya yenye wino mwekundu.

Na kulikuwa na hofu nyingine niliyoitazama kwa pembeni tu. Nikisaini, nitasomea digrii ya pili juu ya insha ile, na udaktari juu ya digrii hiyo. Vijana watakuja kunisikiliza. Wataandika kwenye daftari zao kwamba mpunga wa Tana ni aina kumi na moja, na kwenye mtihani atakayeandika pungufu atakatwa alama. Sikuhitaji kwenda kumwuliza mwenye duka; hao ndio ng'ombe wa yatima aliowataja.

Asubuhi ya tatu nilifanya jambo ambalo lilikuwa mkononi mwangu. Nilichukua daftari jipya, nikaazima mtumbwi, nikaanza upya nyumba kwa nyumba. Sasa niliuliza maswali mawili: nani alikupa mbegu hii, na shamba lako liko wapi, juu au bondeni. Nilishangaa jinsi watu walivyobadilika. Mara ya kwanza walinijibu neno moja na kungoja niondoke. Safari hii mwanamke angeniambia nani alimpa, mwaka gani, alikuwa na mimba ya nani, mtumbwi ulipinduka wapi, na mbegu aliibeba ndani ya nini ili isilowe. Wengine walinipeleka shambani. Mmoja alinigombeza kwa kukanyaga miche yake, akaniita jina langu la utotoni, na nikagundua kwamba kwa siku nzima hakuna mtu aliyeniita profesa.

Usinidhanie kwamba upweke uliisha. Jioni nilirudi chumbani kwangu vilevile, nikala peke yangu vilevile. Lakini nilikuwa na kazi, na kazi ile ilinizuia kujisikiliza.

Siku ya sita nilikuwa na karatasi iliyojaa mistari kutoka jina hadi jina, kama ukoo. Majina kumi na moja yaliishia kwenye mbegu nne. Kulikuwa na nyumba moja zaidi ambayo sikuweza kuiamua: mwenyewe alisema alipewa na mama yake mkwe, na mama mkwe alikwisha fariki, na mpunga wenyewe ulikuwa umeliwa. Niliandika hivyo hivyo, kwamba sijui. Kuliandika neno hilo kulinichukua muda mrefu kuliko kurasa zote. Nilikuwa sijawahi kuliona katika insha ya mtu yeyote chuoni.

Wingu lilikuwa limeanza kutanda upande wa Kipini, baharini. Mwenye duka alinijulisha kwamba lori la kutoka Lamu litavuka kesho yake, na kwamba dereva amesema ndilo la mwisho kabla ya mvua. Nilikaa mezani. Fomu niliijaza mahali palipotaka jina, umri na masomo. Palipotaka saini nilisita, nikaisaini, kwa kuwa nafasi hiyo niliitaka na sikuona haja ya kudanganya hata katika hilo. Kisha nikamwandikia profesa barua. Nilimwambia kwamba insha iliyomfanya anipendekeze ina kosa, na kosa hilo liko hasa katika aya aliyoisifu. Nikamweleza nilivyokosea na nilivyogundua. Nikamwomba insha ya kwanza isichapishwe. Nikamwambia nimeambatanisha mpya, yenye majina ya wanawake waliopeana mbegu, wote wakiwa hai isipokuwa wawili, na kwamba akiona baada ya haya nafasi hainistahili, fomu yangu aichane. Niliandika barua hiyo mara tano. Nne za kwanza zilikuwa na udhuru mwingi.

Lori lilivuka karibu na adhuhuri. Dereva, mtu mnene aliyejua kila duka kutoka Lamu hadi Malindi, alikuja kuchukua mfuko wa barua. Mwenye duka alikuwa keshaufunga. Alipoona bahasha mkononi mwangu aliufungua tena.

"Profesa, hii nzito," alisema dereva. "Umeiandikia serikali?"

"Nimemwandikia mwalimu wangu."

"Habari njema?"

"Nimemwambia nilikosea."

Aliigeuza bahasha, akatazama vile vichwa vya Malkia nilivyovibandika mstari mzima. "Na stempu zote hizi umenunua kwa ajili ya hilo?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaitumbukiza. Mwenye duka akafunga mfuko mafundo mawili, dereva akaubeba begani, akautupa mbele, nyuma ya kiti. Injini ilikataa mara mbili. Kila ilipokataa nilifungua mdomo nimwite, nimwambie nimesahau kitu, anirudishie mara moja tu. Mara ya tatu ikawaka. Lori likapita mbele ya duka, likawapigia honi ng'ombe wa Waorma waliokuwa wakivuka barabara, likashika njia ya Malindi. Sikumwita.